Namba Inasema Hadi Wapi? Vidokezo vya Kusoma Vipimo, kwa Mifano ya Doha

Tarehe 4 Oktoba 2019, kwenye Uwanja wa Kimataifa wa Khalifa jijini Doha, Mkenya Conseslus Kipruto na Lamecha Girma wa Ethiopia, kijana ambaye hata miaka 19 alikuwa hajafikisha, waliufikia mstari wa mita 3000 kuruka viunzi na maji wakiwa kifua kwa kifua. Ubao ukaandika 8:01.35 kwa Kipruto na 8:01.36 kwa Girma. Dhahabu ikaenda Kenya, fedha ikaenda Ethiopia, na kilichowatenganisha ni tarakimu moja tu, tena ile ya mwisho kabisa kulia.

Wengi wetu namba kama hiyo tunaisoma kuanzia kushoto, na tukifika kwenye nukta tumeshachoka. Riadha haikuachii uvivu huo. Mashindano ya Dunia ya Doha, yaliyochezwa kuanzia 27 Septemba hadi 6 Oktoba mwaka huo, yaliacha mifano ya kumtosha mwalimu wa fizikia muhula mzima. Vidokezo vifuatavyo ni vya yeyote anayesoma namba za vipimo, awe shabiki wa mbio, mnunuzi wa mkufu au mwalimu wa michezo mwenye filimbi shingoni.

1. Itilie shaka tarakimu ya mwisho

Namba yoyote iliyotokana na kupima ina tarakimu za uhakika, halafu ina moja ya mwisho ambayo ndipo uwezo wa kipimo unapokomea. Zote kwa pamoja ndizo tarakimu za maana. Baada ya hapo hakuna unachojua, na ukijaza kitu umejaza cha kwako.

Rudi kwa Kipruto na Girma. Mitambo ya kumalizia mbio husoma hadi sehemu ya elfu ya sekunde, lakini kanuni ya riadha inataka matokeo yaandikwe kwa sehemu ya mia, na muda ukizidi hata chembe unapandishwa hadi sehemu ya mia inayofuata. Kwa hiyo 8:01.35 ni popote kuanzia 8:01.341 hadi 8:01.350, na 8:01.36 ni popote kuanzia 8:01.351 hadi 8:01.360. Toa uone: pengo lao lingeweza kuwa sekunde 0.001, au lingeweza kufika 0.019. Kwa mtu anayekimbia mita 7 kwa sekunde, hiyo ni kati ya milimita 7 na sentimita 13. Kusema "alimshinda kwa sekunde 0.01" ni sawa kwa mujibu wa karatasi ya matokeo. Kuchora chini mstari wa sentimita 7 na kuapa kwamba kifua cha Girma kilikuwa pale, hapo umevuka ulichopewa.

Picha yenyewe ya kumalizia ni ya ajabu ukiiona kwa mara ya kwanza. Kamera haiupigi uwanja mzima. Inatazama ufa mmoja mwembamba, ule wa mstari wa kumalizia, na inaupiga tena na tena, mara elfu moja au zaidi kwa sekunde, kisha vipande vinapangwa kimoja kando ya kingine. Kwenye picha hiyo, kwenda upande hakukupeleki mbele uwanjani. Kunakupeleka mbele katika muda. Ndiyo maana nyuma ya wakimbiaji ni weupe mtupu, na mguu uliokanyaga juu ya mstari hutokea mrefu kama mtumbwi, kwa sababu ulituama pale huku kamera ikiendelea kupiga. Mwamuzi anateremsha mstari mwembamba wa wima hadi uguse kiwiliwili cha mkimbiaji. Kichwa, mikono na miguu havihesabiwi. Muda unaosomeka pale ndio unaokwenda ubaoni.

2. Sifuri ya mwishoni usiifute

Siku iliyofuata, uwanja uleule, fainali ya kurusha tufe kwa wanaume. Tom Walsh wa New Zealand alirusha mita 22.90 katika mrusho wake wa kwanza, akakaa juu jioni karibu nzima. Katika raundi ya sita na ya mwisho Mmarekani Joe Kovacs akatupa 22.91. Mwenzake Ryan Crouser naye akaingia raundi hiyohiyo akatupa 22.90. Tufe la kilo 7.26 linarushwa umbali wa basi mbili zilizopangana, na watu watatu wanatofautiana kwa sentimita moja.

Sasa mhariri mwenye haraka akiandika "22.9", amefanya nini? Kwa jicho la mtoto wa shule ni namba ileile. Kwa jicho la mpimaji ameharibu kazi. Mita 22.90 ina tarakimu nne za maana na inakuambia kwamba mtu alipima sentimita akakuta hakuna iliyozidi. Mita 22.9 ina tatu, na inakuambia kwamba sentimita hakuna aliyezitazama. Kwa kuifuta sifuri hiyo, hata ushindi wa Kovacs unapotea: 22.91 nayo ikipunguzwa tarakimu inakuwa 22.9, na watatu wote wanagawana dhahabu.

Kinyume chake, sifuri za mwanzoni hazina uzito huo. Sentimita 1, milimita 10 na mita 0.01 zinaweza kuwa urefu uleule. Sifuri zilizotangulia kwenye 0.01 zinashika nafasi tu, hazijapimwa na mtu.

Walsh na Crouser walitenganishwa kwa mrusho wa pili kwa ubora, na Crouser akachukua fedha. Kanuni haikujaribu kutafuta milimita kwenye alama ya ardhini, na ilifanya vyema. Shimo linaloachwa na chuma cha kilo saba kwenye udongo halina ukingo mkali wa kubishania milimita.

3. Uliza wanasogezea upande gani

Shuleni tulifundishwa kwamba tano na kuendelea inapanda, nne na kushuka inashuka. Riadha haiendi hivyo. Muda siku zote unapandishwa. Umbali siku zote unashushwa: mrusho wa 22.909 unaandikwa 22.90. Upepo unaomsukuma mkimbiaji unapandishwa: kipimo cha mita 2.03 kwa sekunde kinaandikwa 2.1, na kwa kuwa kikomo cha rekodi ni 2.0, rekodi imekwenda na maji. Mantiki yake ni moja: mwanariadha asipewe hata chembe ambayo hakuitolea jasho.

Kwenye mbio za barabarani kusogeza huku ni kukubwa zaidi, kwa sababu muda unapandishwa hadi sekunde nzima. Hapo Watanzania tuna mfano wetu, ingawa haukutokea Doha. Tarehe 15 Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alilipatia taifa dhahabu yake ya kwanza ya Mashindano ya Riadha ya Dunia. Saa 2:09:48. Wa pili, Amanal Petros wa Ujerumani: saa 2:09:48. Waliotazama karatasi ya matokeo bila kutazama mbio walijikuna kichwa. Picha ya kumalizia ilionyesha pengo la sekunde 0.03, ambalo kwa mwendo wao wa mwisho ni kama sentimita 18 hivi. Nani katangulia ni swali moja, ametumia muda gani ni swali jingine, na marathoni inayajibu kwa vipimo viwili vyenye ukali tofauti. Ukiona namba mbili zinalingana, usikimbilie kusema watu wamelingana.

4. Kikokotoo kina tarakimu nyingi kuliko kilichopimwa

Tarehe 6 Oktoba 2019, Joshua Cheptegei wa Uganda alishinda mita 10,000 kwa 26:48.36. Geuza iwe sekunde: 1608.36. Gawa mita 10,000 kwa hiyo, simu yako itakuandikia mita 6.2175135 kwa sekunde, na ukiipa nafasi itaendelea.

Tarakimu hizo za mkiani zimetoka wapi? Si kwa Cheptegei. Zimetoka kwenye kugawanya tu. Kugawanya hakuongezi ujuzi. Kunachanganya ujuzi uliokuwepo. Na jibu haliwezi kuwa kali kuliko kiungo kilicho dhaifu zaidi ndani yake. Muda wake ulipimwa hadi tarakimu sita, sawa. Umbali je? Mzunguko wa uwanja unapimwa sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani wa njia ya kwanza, na hakuna mwanadamu anayekimbia mizunguko 25 akiufuata mstari huo wa kufikirika, akisukumana na kundi. Kila mita moja unayojitoa nje kwenye kona zote mbili inakuongezea zaidi ya mita 6 kwa mzunguko. Miguu ya Cheptegei ilikimbia zaidi ya mita 10,000, bila shaka yoyote, ila zaidi kiasi gani hakuna aliyepima.

Kwa hiyo andika mita 6.22 kwa sekunde na ulale usingizi. Au sema dakika 2 sekunde 40.8 kwa kilomita, lugha wanayoielewa wakimbiaji. Ukiona makala imeandika kasi ya mtu kwa tarakimu nane, jua mwandishi alinakili kioo cha simu.

Kuna kanuni mbili za haraka. Ukizidisha au kugawanya, jibu libaki na idadi ya tarakimu za maana iliyo ndogo kuliko zote miongoni mwa namba ulizotumia. Ukijumlisha au kutoa, angalia nafasi za desimali, na ile namba yenye desimali chache ndiyo inayoamua. Hiyo ya pili tutaihitaji kwenye kidokezo cha nane.

5. Kabla ya kusifu saa, pima uwanja

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Mwaka 1972 kwenye Olimpiki ya Munich, Gunnar Larsson wa Sweden na Mmarekani Tim McKee walimaliza mita 400 za kuogelea mitindo minne wakiwa na muda mmoja hadi sehemu ya mia. Waamuzi wakasoma sehemu ya elfu: Larsson 4:31.981, McKee 4:31.983. Dhahabu akapewa Larsson kwa sekunde 0.002.

Fanya hesabu. Kwa mwendo wao, sekunde 0.002 ni umbali wa milimita 3. Bwawa la mita 50 linajengwa kwa zege na vigae, na kanuni za kuogelea zimewahi kuruhusu njia moja kuzidi nyingine kwa sentimita 3. Mita 400 ni kwenda na kurudi hadi urefu nane. Kwa kiwango hicho, mwogeleaji mmoja anaweza kuogelea sentimita 24 zaidi ya jirani yake, nasi tumekaa tunawatenganisha kwa milimita 3. Saa ilikuwa kali, ila bwawa halikuwa na ukali wa kuistahili.

Wakuu wa kuogelea wakazinduka. Tangu hapo mchezo wao unaishia sehemu ya mia, na waliolingana wanagawana medali. Ndiyo maana Rio mwaka 2016 jukwaa la mita 100 kipepeo lilijaa: Michael Phelps, Chad le Clos wa Afrika Kusini na László Cseh wa Hungary wote 51.14, wote fedha, na shaba haikutolewa kabisa. Na Februari 2024, waogeleaji wa dunia walipokutana Doha kwenye ukumbi wa Aspire, saa zao zilikuwa na uwezo mkubwa kuliko za Munich mara nyingi, lakini matokeo yaliandikwa kwa sehemu ya mia vilevile.

Riadha imechagua njia nyingine, na inaruhusu sehemu ya elfu kuamua walio sare. Inaweza kujitetea kidogo, kwa sababu uwanja wa mita 400 hauruhusiwi kupungua hata kidogo, na ukizidi usizidi sentimita 4. Hata hivyo, kwa maoni yangu waogeleaji ndio wenye busara zaidi. Kugawana medali hakujamuua mtu.

6. Namba nyingine hazikupimwa

Si kila namba ina shaka. Mizunguko 25 ya mita 10,000 imehesabiwa: si 25.0 wala 24.9. Sekunde 60 za dakika ni mapatano. Riyali ya Qatar imefungwa kwa 3.64 kwa dola moja ya Marekani, na hiyo ni amri ya serikali. Namba za aina hii usiziingize kwenye kuhesabu tarakimu za maana. Zichukulie kuwa kamili na uendelee na hesabu yako.

Marathoni ya wanawake ya Doha inaonyesha tofauti hii vizuri. Waliianza karibu na usiku wa manane tarehe 27 Septemba, kwenye barabara ya Corniche, ili kulikwepa jua, lakini joto lilikuwa bado zaidi ya digrii 30 na unyevu zaidi ya asilimia 70. Joto na unyevu vilipimwa, na kipimo kilichowekwa mahali pengine kando ya barabara hiyohiyo kingekupa namba tofauti kidogo. Lakini walioanza walikuwa 68 na waliomaliza 40. Hizo zimehesabiwa, na hazihitaji "takribani". Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, akimwacha aliyemfuata kwa zaidi ya dakika nzima. Hakuna aliyeuliza sehemu ya mia.

Umbali wa marathoni wenyewe ni kichekesho kidogo. Chanzo chake ni maili 26 na yadi 385 za London mwaka 1908. Ukizigeuza kwa uangalifu unapata mita 42,194.988. Wakubwa wa riadha wakaona haya, wakaandika 42,195. Tumezidishiwa milimita 12, na sijasikia mkimbiaji aliyelalamika.

7. Saa yako ya mkononi inabahatisha kwa heshima

Ukikimbia Corniche ya Doha Ijumaa asubuhi utakutana na Wakenya, Waganda na Watanzania wanaofanya kazi mjini, na kila mmoja anaisimamisha saa yake ya GPS kwenye namba tofauti. Mmoja kilomita 10.04, mwingine 9.97, na ubishi unaanza: "Kaka, umekata kona!" Hakuna aliyekata kona. Saa inaandika desimali mbili, yaani inadai kujua kila mita 10, huku mawimbi ya setilaiti yanagonga minara ya vioo ya West Bay na kuruka kabla ya kuifikia. Desimali ya kwanza iamini kiasi. Ya pili ichukulie kama salamu.

Njia za marathoni rasmi hazipimwi kwa GPS. Zinapimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, ikifuata mkato mfupi kabisa uliopo, na kwa makusudi inaongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikawa pungufu. Kwa hiyo saa ikikuonyesha 42.6 mwishoni, usiwatukane waandaaji.

8. Usilinganishe vipimo vya zama mbili kabla ya kuvisawazisha

Tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mita 1500 toka mlio wa bastola hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia. Saa ya umeme ilisoma 3:32.16. Wakati ule rekodi za mbio hizo ziliandikwa kwa sehemu ya kumi, muda ukipandishwa, na vitabu vikapokea 3:32.2.

Tarehe 15 Agosti 1979, Zürich, Mwingereza Sebastian Coe akakimbia 3:32.03. Vitabuni: 3:32.1. Kwenye karatasi Bayi alipokonywa rekodi kwa sekunde 0.1, kwa saa ya umeme ilikuwa 0.13. Tofauti si kubwa. Lakini tarehe 15 Julai 1980, Oslo, Steve Ovett akakimbia 3:32.09, na kwa kupandishwa nayo ikawa 3:32.1. Ovett akatangazwa mshirika wa Coe katika rekodi ya dunia, ilhali alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.06. Wiki chache baadaye Ovett aliimaliza hoja kwa 3:31.36 mjini Koblenz. Coe huyohuyo ndiye aliyekuwa rais wa shirikisho la riadha la dunia wakati wa mashindano ya Doha, tena alichaguliwa kwa awamu ya pili palepale Doha, siku mbili kabla ya mbio kuanza.

Sasa jaribu hesabu hii. Doha, Timothy Cheruiyot wa Kenya alishinda mita 1500 kwa 3:29.26. Amemzidi Bayi wa 1974 kwa kiasi gani? Ukichukua 3:32.2 ya vitabu vya zamani ukatoa, simu inakupa 2.94. Ile 4 ya mwisho ni ya kubuni, kwa sababu 3:32.2 haijui lolote kuhusu sehemu ya mia. Jibu halali hapo ni 2.9, basi. Ukichukua 3:32.16 unapata 2.90, na sifuri hiyo umeistahili.

Qatar yenyewe inatupa ulinganisho usio na utata. Saif Saaeed Shaheen, aliyezaliwa Kenya kwa jina la Stephen Cherono na kubadili uraia mwaka 2003, aliweka rekodi ya dunia ya kuruka viunzi na maji mwaka 2004 mjini Brussels: 7:53.63. Ilidumu hadi Juni 2023, ilipovunjwa Paris kwa 7:52.11. Namba zote mbili zimetoka kwenye saa ya umeme na zote ni za sehemu ya mia, kwa hiyo toa bila wasiwasi: 1.52. Aliyeivunja ni Lamecha Girma.

9. Sokoni, desimali ni pesa

Kwenye soko la dhahabu la Doha, karibu na Souq Waqif, mizani inasoma hadi gramu 0.01. Isome mwenyewe, na uhakikishe inaanzia 0.00 kabla mkufu haujawekwa. Tuseme gramu ni riyali 400. Mizani ikionyesha 12.35 na muuzaji akaandika 12.4 kwa ajili ya "wepesi wa hesabu", wepesi huo umekugharimu riyali 20.

Mihuri nayo ina kusogeza kwake. Karati 18 ni 750 kwa elfu, kamili. Karati 21 ni 875, kamili. Karati 22 ukigawa kwa 24 unapata 0.91666 isiyokwisha, na muhuri unaandikwa 916. Namba imekatwa tu, hujapunjwa.

10. Mwalimu mwenye stopwochi, hiki ni chako

Mashindano ya shule ya UMISSETA na UMITASHUMTA yakikaribia, kila wilaya inatoa mtoto aliyekimbia mita 100 kwa "10.43". Ukiuliza ilipimwa vipi, ni simu ya mwalimu. Simu inaandika sehemu ya mia kwa uaminifu wote, lakini kidole cha mwalimu hakina sehemu ya mia. Kinachelewa bastola inapolia, na mwishoni kinabonyeza kwa kubashiri mkimbiaji anapofika. Kipimo kinaweza kuwa na vipande vidogo sana na bado kisiseme kweli, na stopwochi mkononi mwa mtu ndiyo mfano wake mkuu.

Kanuni za riadha zinalijua hilo. Muda wa saa ya mkono unapandishwa hadi sehemu ya kumi, kwa hiyo 10.43 ni 10.5, na hata 10.11 ni 10.2. Kuulinganisha na muda wa umeme kwenye mita 100, desturi ni kuongeza sekunde 0.24. Mtoto wako yuko karibu na 10.7, na bado huyo ni mtoto wa kutunzwa.

Wapimaji wakiwa watatu, chukueni muda wa katikati, msitafute wastani. Na kama mmesimama mwishoni mwa mita 100, tazameni moshi wa bastola, msingoje mlio: sauti inachukua karibu sekunde 0.3 kuwafikia, na zote hizo mnamzawadia mkimbiaji bila kujua. Kisha kwenye fomu, kando ya muda, andikeni "saa ya mkono", ili kocha wa mkoa ajue amepokea kipimo cha aina gani.